Sumaku ya Elpidius

Nyirabahire sikumpenda tangu siku alipoingia getini, na sababu ilikuwa harufu. Alinuka moshi. Haukuwa moshi wa jikoni ninaoujua mimi, wa kuni za mkaratusi na ndizi za kuchoma. Ulikuwa moshi mzito, mtamu kidogo, wa watu wanaoishi na ng'ombe. Nilimhoji nikiwa nimesimama mlangoni ili upepo upite kati yetu. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mrefu, mkimya, kitenge chake kimefungwa begani kwa pini. Nilipaswa kumpa shikamoo. Sikumpa. Nilimwacha asubiri, naye akasubiri, mwisho akasema yeye, "Hujambo, mwanangu," nami nikamjibu kwamba hapa kazini wananiita Madamu.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ili nijisafishe.

Karakana yetu iko Ihanda, ndani ya ghala la zamani la kahawa, na kazi yake ni moja: kugeuza mafuta ya nyonyo kuwa nta. Nyonyo kila mtu anaijua. Inaota yenyewe kandokando ya kibanja, na mafuta yake bibi zetu walitunywesha tulipofunga choo. Sasa chukua mafuta hayo, yapashe moto ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa barabara, yaingizie gesi ya haidrojeni kwa presha, tia na kichocheo. Baada ya saa chache yamwage, yaache yapoe. Yanaganda. Yanakuwa meupe na magumu, ukiyagonga kwa kucha yanalia kama kigae. Wenye viwanda wanaitaka nta hiyo kwa ajili ya grisi na dawa ya viatu, na kiwanda kimoja cha Mwanza kilikuwa tayari kutia saini na sisi.

Roho ya kazi ni kichocheo. Ni unga mweusi, ukiutazama utadhani masizi. Kila chembe yake ni punje ya chuma iliyovishwa paladi, madini ya bei mbaya, na ni ndogo kiasi kwamba elfu kadhaa zingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Paladi ndiyo inayofanya kazi. Chuma kazi yake ni kukamatwa. Maana chembe ndogo namna hiyo hakuna kitambaa cha kuzichuja. Zingeondoka na nta na ungekuwa umetupa mali. Lakini chuma kinaisikia sumaku. Nta ikiwa bado ya moto unaimwaga kwenye ndoo, unaibana sumaku ubavuni, na unga wote unakimbilia ukutani. Unamimina nta safi, unga unabaki, kesho unautumia tena.

Watu wa Mwanza walitoa sharti moja: unga uleule, mizunguko ishirini, na nta ya mzunguko wa ishirini iwe ngumu kama ya kwanza. Mtu wao angekuja mwisho wa Agosti kuupima huo wa ishirini kwa macho yake. Tukishindwa, mwenye karakana angefunga ghala, nami nirudi kufundisha kemia kwa watoto wanaosinzia. Nilishafundisha miaka kumi na moja. Sikuwa tayari kurudi, na nilikuwa tayari kumkanyaga yeyote atakayenirudisha.

Sumaku aliitengeneza Elpidius, fundi wangu. Alikuwa mtu wa Songambele, kutoka ukoo wa wahunzi, babu yake alifua majembe na mikuki kabla watu hawajajua duka. Sumaku iliyoletwa na mwenye karakana ilikuwa dhaifu, ilivuta nusu ya unga na kuiacha nusu. Elpidius hakulalamika. Alizunguka Kayanga na Omurushaka akinunua redio zilizokufa, kwa hela yake, akatoa sumaku kwenye spika tisa, akazipanga juu ya bamba la chuma alilolikunja likumbatie ndoo, akalitia mpini wa jembe. Tena ndoo niliyokuwa nimenunua akaikataa. Aliniambia, "Dada Prudensia, ndoo yenyewe ikishikwa na sumaku, nguvu yote inaishia kwenye ndoo. Tafuta ile ya chuma kisichoshikwa." Mimi nina shahada, yeye ana darasa la saba. Nilinuna siku nzima, kisha nikanunua ndoo aliyosema.

Mizunguko sita ya kwanza ilikwenda vizuri. Jenifa, aliyekuwa msafishaji wetu, alikisugua chungu kwa sabuni na maji ya moto, Elpidius alikusanya unga, akauosha, akaukausha, akaupima: gramu arobaini kila mara, bila kupungua. Kisha Jenifa akaenda kujifungua, na ndipo akaja Nyirabahire na moshi wake.

Nilimpa maelekezo siku ya kwanza, kwa kifupi, nikipumulia mdomoni. Nilimwambia kwamba mafuta ya jana hayatakiwi kuacha hata harufu. Nilimwambia chungu kile kwangu mimi ni kama chombo cha maziwa kwake yeye. Alinitazama, kwa mara ya kwanza kama mtu anayemheshimu mwenzake, akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka.

Mzunguko wa saba nta ilitoka laini kama samli. Wa nane ikawa uji. Siku hiyo Elpidius aliniambia, tukiwa wawili tu mezani, kwamba chungu kinanuka moshi. Nilimjibu kwamba anayenuka ni yule mama, chungu hakina kosa. Nikafungua madirisha yote, kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi tangu aje, na kwa makusudi niliyafungua kwa kishindo ili asikie aliyekuwa akifagia uani.

Mzunguko wa tisa mafuta yalibaki mafuta. Niliyachota kwa kijiko, yakaning'inia yaleyale kama yalivyotoka kwenye mbegu.

Nikapima unga. Gramu arobaini. Sasa sikiliza nilivyofikiri, maana nilijiona nina akili sana. Kama unga wote upo, na haufanyi kazi, basi huo si unga wangu. Kijito kilicho chini ya ghala, mvua ikinyesha, kinaacha michirizi ya mchanga mweusi, na mchanga huo unashika sumaku. Elpidius mwenyewe alishanihadithia, akicheka, kwamba utotoni alikuwa akiukusanya akampelekea babu yake. Mizani haijui mchanga wala paladi, inajua uzito tu. Na mwezi uliotangulia Elpidius alikuwa ameezeka nyumba yake ya Songambele kwa bati jipya. Nilijumlisha moja na moja nikapata tatu.

Ningeutia unga ule chini ya hadubini, dakika tano zingetosha. Hadubini ilikuwepo, imefunikwa kitambaa. Sikuigusa. Mtu mwenye hasira haoni haja ya hadubini.

Nilimwita, nikafunga mlango. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba sikujua kuwa nguo yangu ni yeye. Nilimtajia mchanga, nikamtajia bati. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Bati ni la ng'ombe wa baba," akasema. "Tuliuza wawili."

"Na paladi yangu uliuza kwa nani?"

Alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Kisha akaenda ukutani iliponing'inia sumaku yake na kuishika mpini. Nilimwambia aiache. Nilimwambia kila kilichotundikwa kwenye ukuta ule ni mali ya karakana. Alisimama na ule mpini mkononi kwa muda, mimi nikiwa nimeshanyanyua simu kumpigia mlinzi, kisha akauachia. Alipotoka aliniita Madamu. Tangu nimfahamu alikuwa ananiita Dada.

Ule unga niliutia kwenye chupa, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: MCHANGA WA ELPIDIUS. Niliuweka kabatini uwe ushahidi.

Hapo ningenyamaza, pengine mambo yangekuwa mepesi. Lakini Jumapili yake nilikuwa kanisani, na baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka, pale nje chini ya turubai. Watu walileta mikungu, mayai, maharage, kuku, na mzee Ndyamukama, mzee wa usharika, alivinadi kama kawaida yake, kwa utani, akiwachokoza wabahili. Akamnyanyua jogoo mmoja mwekundu. Elpidius alikuwepo, alikuwa bado hajahama chumba alichopanga hapa Ihanda. Akataja bei. Mwingine akapandisha, Elpidius akapandisha zaidi, watu wakamshangilia. Nikasema, tena si kwa kunong'ona, "Muulizeni jogoo huyo anamnunua kwa paladi ya nani."

Mtu akauliza paladi ni nini. Nikasema ni madini. Nikasema yalikuwa kwenye karakana, na sasa hayapo. Sikusema zaidi ya hapo, lakini hapo palitosha. Jioni habari ilikuwa Elpidius kaiba dhahabu. Jumatatu ilikuwa imeshapanda bodaboda na kufika Songambele, na kwa wakwe zake Kibingo ilifika ikiwa kilo mbili. Kwaya ilimwambia apumzike kwanza. Kamati ya ujenzi wa kanisa ilimwondoa kimyakimya, maana lisemwalo lipo. Akafungasha, akarudi kwao. Niliposikia, nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi, nikala vizuri.

Nikatoa chupa ya unga ya akiba, ya mwisho niliyokuwa nayo. Sasa kila kitu cha unga nilifanya mwenyewe. Nilikusanya mimi, nilipima mimi, unga ulilala kwenye kabati langu na ufunguo ulilala shingoni mwangu. Mzunguko wa kwanza nta ikatoka laini kidogo, nikajidanganya kwamba ni baridi. Wa pili laini zaidi. Wa tatu, uji.

Elpidius alikuwa kwao Songambele, wilaya nyingine kabisa, Kyerwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameugusa unga ule isipokuwa mimi. Nilikaa juu ya gunia la nyonyo nikitafuta wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza sikumpata. Usiniulize nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya, lakini bado nilikuwa na hasira kuliko huzuni.

Kesho yake nilifika mapema kuliko siku zote, saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka migombani. Nikanusa moshi kabla sijafika getini. Nikazunguka ghala hadi uani nyuma.

Nyirabahire alikuwa amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na kijungu cha udongo chenye shingo, ndani yake makaa ya kinyesi cha ng'ombe kikavu, na juu ya makaa amelaza nyasi kavu zinazofuka bila kuwaka. Chungu changu cha chuma, kilichooshwa kikang'aa, alikuwa amekikumbatia mdomo chini, kikimeza ule moshi wote. Alikizungusha polepole, kwa upendo, akiimba kitu fulani cha kwao. Kando yake kifuniko kilisubiri zamu.

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wangu nisingependa ayasikie. Nilimwambia ndani mle mna mtungi wa haidrojeni, cheche moja tungeokotwa vipandevipande hadi Kayanga. Nilimwambia moshi una lami, una salfa, unajibandika kwenye chuma, mafuta ya moto yanaubandua na kuupaka kwenye paladi, na paladi ikishapakwa inakuwa maiti. Hayo yote hakuyaelewa, na mimi nilijua hayaelewi, niliyasema ili yampige.

Aliweka chungu chini taratibu. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Ulisema ni chombo cha maziwa," akasema. "Kwetu, ekyanzi kikioshwa kwa maji peke yake, bado ni kichafu. Maziwa yanakataa. Lazima kifukizwe. Hata mtoto anajua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kila asubuhi ulikuwa unaingia, unanusa, unafungua madirisha. Nilijua umeshausikia moshi. Kama ungekuwa mbaya, ungesema. Mwenye nyumba akinusa akanyamaza, ameridhika."

Wiki zote hizo pua yangu ilikuwa ikiniambia kila kitu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba harufu ni ya mtu wa aina yake. Hata Elpidius aliponiambia waziwazi, nilimjibu kwa dharau. Nyirabahire alimwaga makaa kwenye majivu, akayakanyaga, akatia kijungu chake ndani ya kikapu. Nilimwambia anaweza kubaki, ila asifukize. Alisema kazi ya kuosha vyombo vikabaki vichafu hajawahi kuifanya na hawezi kuianza uzeeni. Alipita getini bila kuniaga, na nafikiri nilistahili.

Siku hiyo nilikisugua chungu mwenyewe, kwa magadi, kwa spiriti, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kisha nikaifungua ile chupa ya ushahidi. Nilitandaza unga kwenye sahani ya chuma, nikauweka ndani ya tanuru, nikauchoma kwa saa nne ili uchafu wa moshi uteketee, halafu nikaupitishia haidrojeni. Kisha nikautia chunguni na mafuta mapya. Mchanga wa kijito, uuchome utakavyo, hauwezi kugandisha mafuta. Kama mafuta yale yangeganda, basi katika chupa ile hapakuwahi kuwa na mchanga.

Niliyamwaga jioni. Asubuhi nilipoingia beseni lilikuwa jeupe. Niliipiga nta kwa kucha, ikalia.

Hakuna aliyeniona, lakini uso uliniwaka. Nilibandua ile karatasi kwenye chupa, nikaikunja, nikaitia mfukoni, kana kwamba watu hawajaisoma tayari kwa masikio.

Siku ya tatu nikapanda bodaboda hadi Songambele. Nilimkuta kwenye kibanda kando ya kibanja chake, anafua jembe. Hakuacha kupiga. Mkewe, Benadeta, alipoona mgeni alitoka na kigoda, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Elpidius alimwambia neno moja kwa Kinyambo, naye akakirudisha kigoda ndani. Nikabaki nimesimama.

Niliweka kipande cha nta juu ya jiwe la kufulia chuma. Nikamwambia ni unga wake, uleule, ulikuwa umelewa moshi, nimeuchoma umefufuka. Nikamweleza habari ya kijungu na nyasi. Alikwangua nta kwa ukucha, akaunusa ukucha.

"Nilikuambia chungu kinanuka," akasema.

"Uliniambia."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na majibu ya matusi. Hakutukana. Nikamwambia arudi kazini, nitamwombea nyongeza kwa mwenye karakana, zimebaki siku chache na bila yeye mikono yangu haitoshi. Alipiga jembe mara tatu, nne. Kisha akaniuliza yale maneno niliyasemea wapi. Nikasema anajua niliyasemea wapi.

"Basi kayasemee hapohapo," akasema. "Hilo la kwanza. La pili, nirudishie sumaku yangu."

Nikamweleza kwa nini la pili haliwezekani. Kwa unga ule tulikuwa tumefika mzunguko wa kumi, imebaki kumi. Sumaku ya mwenye karakana inaacha nusu ya unga ndani ya nta, mizunguko miwili tu unga unakuwa umekwisha na nta imekuwa nyeusi. Kuagiza nyingine ni mwezi. Nilisema polepole kama ninavyosema na wanafunzi. Alingoja nimalize.

"Madamu," akasema, "nimekutajia mambo mawili."

Jumapili nilikwenda na kipande kikubwa cha nta, kimefungwa kwenye gazeti, kiwe sadaka yangu. Niliomba kwa Mungu Elpidius asije, na alikuja, na Benadeta, wakasimama nyuma kabisa karibu na baiskeli. Ndyamukama alinadi maharage, akanadi parachichi, kisha akafika kwenye gazeti langu, akalifungua, akaligeuzageuza. Akauliza hiki kinaliwa au kinapakwa. Watu wakacheka. Nikasogea mbele.

Nilisema hivi. Kwamba hiyo ni nta, na imetengenezwa kwa unga ambao hapahapa nilisema Elpidius kauiba. Kwamba hakuuiba, haujawahi kutoka kabatini. Uliharibiwa na moshi, na moshi nilikuwa nikiunusa mimi mwenyewe kila siku, na Elpidius aliniambia, nikamjibu ujinga. Kwamba hakukuwa na dhahabu, wala kilo mbili, wala mchanga. Nilimwita mwizi bila ushahidi, na ninaomba radhi kwake, kwa mkewe na kwa wote niliowadanganya. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Hata kuomba radhi nilikuwa naomba kama nagombana.

Ndyamukama akatikisa kichwa, akasema Mungu ametenda. Watu wakaanza kunong'ona, nami nikageuka kurudi mahali pangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: maneno hayo yametosha, mtu mwungwana hatadai na chuma.

"Na sumaku?"

Alisema Elpidius, kutoka nyuma, bila kupaza sauti. Ndyamukama akauliza sumaku gani. Wote wakanitazama, hata watoto. Ningeweza kusema ni mambo ya kazini, tutayamaliza kazini. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Sumaku ya karakana ni yake," nikasema. "Aliitengeneza kwa hela yake. Siku niliyomfukuza kwa wizi alitaka kuondoka nayo, nikamnyang'anya."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mbele alivuta kitenge chake karibu, kama mtu aliyekaa jirani na mdokozi sokoni. Ndyamukama aliinadi nta yangu mara tatu, hakuna aliyetaja bei, akanirudishia na gazeti lake.

Mchana huohuo niliishusha ukutani. Ni nzito, ile sumaku, na katika safari ya bodaboda ilijaribu kushika kila kitu, tenki la pikipiki, zipu ya koti langu, funguo za dereva. Nilimkuta Elpidius mlangoni kwake. Aliipokea, akaigeuza, akazihesabu spika kwa kidole, moja hadi tisa, mbele yangu. Hilo halikuniudhi. Ilikuwa haki yake kuhesabu.

Nilimwambia kwamba sasa mtu wa Mwanza akija hatakuta kitu, na ghala litafungwa. Alisema amesikia.

Kisha akaiinua sumaku kwenye mwanga. Pembeni mwa bamba, kwenye mwanya kati ya spika ya nne na ya tano, palikuwa na ukoga mweusi, unga uliodondokea hapo katika mizunguko ya mwanzo ukashikwa. Ulikuwa kiduchu, hata mizani isingeutambua. Alichuma jani la mgomba, akalipasua kipande, akaukwangua ule ukoga kwa kisu, polepole, hadi chembe ya mwisho inayoonekana. Akalikunja jani mara mbili, akalifunga kwa kamba ya mgomba, akaninyooshea.

"Hii ni ya kwako," akasema. "Sitaki nisikie kesho nimebaki nayo."

Akaingia ndani na sumaku yake, akafunga mlango. Nililishika lile jani mkononi njia nzima hadi Ihanda, na dereva aliponiuliza nimebeba dawa gani nilimwambia atazame barabara.